Miavuli ya Kwampera

Alasiri moja ya mwisho wa kipupwe, Bi Mwanamize alikuwa uani akipeta mchele, na mumewe Hamood akitawadha kwa kata juu ya lile jiwe la karibu na mlango wa nyuma. Jua lilikuwa limeinama na vivuli vimerefuka. Hamood alisukutua, akapandisha maji puani, akaosha uso na mikono, na kivuli chake ukutani kikafuatisha kila kitu. Alipofika kwenye miguu akainua wa kulia, na Mwanamize akaona kuwa mguu wa kivuli ulikuwa mwembamba kama ufito, goti limekunjwa kwa nyuma, na huko juu palikuwa na shingo ndefu yenye domo. Hamood akaushusha mguu wake. Kivuli hakikuushusha wake.

Mwanamize aliinamisha uso kwenye ungo akaendelea kuchambua chuya, lakini chuya zikawa zinampita. Aliogopa. Hakuogopa kile kivuli chenyewe, kwani vya namna hiyo alishaviona kwa majirani. Aliogopa kwa sababu alijua vinaishia wapi.

"Baba Sameer," akasema, "kivuli chako."

"N'mekiona tokea jana," Hamood akajibu. "Sema polepole, ukuta wa Mzee Silima hauko mbali."

Akajifuta miguu, akavaa kofia, akachukua mwavuli uliotundikwa nyuma ya mlango, akaufungua na kwenda zake msikitini. Mbinguni hapakuwa na wingu hata la kupaka.

Kwampera ni kijiji kidogo nyuma ya Pujini, nyumba zimepangana ukingoni mwa bonde la mpunga. Nyuma ya nyumba hizo kuna misufi mikubwa, na juu ya misufi hiyo, tangu wazee wa wazee, wakikaa korongo. Walikuwa korongo weusi wenye midomo isiyofumba vizuri, imeacha uwazi katikati kama koleo, na kwa uwazi huo walikuwa wakiwatoa konokono majalubani, katika vile vipande vya mpunga, bila ya kuvunja hata bua moja la mpunga. Walikuja na masika. Asubuhi waligonganisha midomo juu ya mapaa mpaka watoto wakaamka, na mchana walitembea bondeni nyuma ya wanawake wanaopalilia, kama wakwe waliokuja kukagua kazi. Mtu aliyelima pale alijua sharti moja kabla hajajua kushika jembe: chiriku mpige teo utakavyo, korongo hapigwi.

Mwanamize ndiye aliyekuwa mlinzi wao. Alichaguliwa na mabwana wa serikali waliokuja kutoka mjini na gari, kwa sababu msufi mkubwa kuliko yote uko juu ya paa lake, na kwa sababu walimkuta siku hiyo akimfukuza mtu aliyekuwa akirusha mawe. Walimpa kofia na fulana ya kijani yenye picha ya korongo kifuani. Kazi yake ilikuwa kutazama, na akiona kitu kibaya, aseme. Ilikuwa kazi nyepesi miaka yote ambayo hapakuwa na kitu cha kusema.

Sasa, mwenye mpunga hana usingizi. Masuke yakianza kutoka, chiriku hushuka bondeni kama mvua, na dawa yake tangu zamani ni kuamia. Kila nyumba hujenga dungu lake katikati ya mpunga na mtu hupanda huko alfajiri na teo lake, apige kelele, arushe udongo mpaka magharibi, na asishuke ila kwa sala. Nyumba moja ikilala, chiriku hushukia hapo na kula mpaka kwa jirani. Kwa hiyo Kwampera huamia wote au hawaamii kabisa, na wanavyofanya kazi hiyo ndivyo wanavyofanya kazi nyengine zote: inagawanywa kwa nyumba, asiwepo wa kumtupia mwenzake lawama.

Mwaka huo vijana walikuwa wamekwenda mjini, na waliobaki walichoka kupiga kelele. Mtu mmoja akaleta dawa ya unga ya kuulia chiriku. Hakukuitishwa kikao. Mchele ulirowekwa kwenye pipa nyuma ya ghala, na kila nyumba ikachukua bakuli lake, sawa kwa sawa, ikaenda kumwaga kwenye jaluba lake. Mwanamize hakuwepo. Alikuwa Msuka kwenye khitma ya shangazi yake, na wengine husema ndiyo maana siku ile ikachaguliwa. Aliporudi alikuta bonde kimya, chiriku hawapo. Dawa ilikuwa imeyeyukia majini na konokono wameinywa. Korongo walishusha mbawa kwanza, kisha wakakaa chini juu ya vifundo vya miguu, kisha shingo zikalala mgongoni. Wakafa hivyo, mmoja baada ya mmoja, wamekaa mpungani kama watu waliongojea kuitwa. Watu wakawazika ukingoni mwa bonde na kupanda muhogo juu yake.

Hamood alimwambia yote usiku ule ule alipofika. Hakumficha, ilikuwa si tabia yake. Mwanamize alilia, kisha akaikunja fulana ya kijani akaitia sandukuni, na asiseme kwa mtu.

Kivuli cha kwanza kugeuka kilikuwa cha Pandu, fundi wa kuezeka. Watu walikisema kama wanavyosema fulani ana mafua. "Kivuli cha Pandu kimekuwa korongo," wakaambiana kisimani, wakajitwika ndoo. Kisha kikafuata cha mkewe, kisha cha bwana mwenye ghala, kisha cha Mzee Silima, sheha mwenyewe. Lakini siku moja kivuli cha Pandu kilishusha mbawa. Siku chache baadaye kilikaa chini, na Pandu, aliyekuwa juu ya ngazi akifunga makuti, aliteremka taratibu akakaa barazani, na tangu hapo hakusimama tena. Alipelekwa hospitali akapimwa kila kitu, na hakuonekana na ugonjwa. Alikula uji, aliitikia salamu, ila shingo yake ilikuwa imeanza kupinda kwa nyuma, na wanaomlisha walilazimika kusimama nyuma ya kichwa chake.

Dawa ya jambo hili ilijulikana, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Mwanawema, mjane wa jaluba la katikati, aliigundua bila ya kukusudia. Asubuhi moja kisimani, watu wamejaa, alitua ndoo yake akasema, "Mie nilitia sumu. Nilipewa bakuli nikamwaga kwa mkono wangu huu, na korongo wakafa, na n'najuta mbele ya Muungu na mbele yenu." Hapo hapo, mbele ya macho ya wote, kivuli chake kikakunja shingo, kikanenepa miguu, kikawa kivuli cha mwanamke mfupi mwenye kanga.

Hakuna aliyempongeza. Walioyasikia maneno yale walijua kuwa mabakuli yalikuwa mengi na pipa lilikuwa moja. Maji ya Kwampera hutoka jaluba la juu kwenda la chini, kila mtu akimfungulia mwenziwe. Jioni ile mlango wa maji wa Mwanawema ukaonekana umezibwa kwa udongo. Aliuzibua, ukazibwa. Salamu zake zikawa haziitikiwi ila na watoto. Mpunga wake ukakauka ungali umesimama, na yeye akachukua mkeka wake na kuku wake akahamia Makangale kwa kaka yake. Aliondoka mchana wa jua kali bila ya kujikinga na kitu, na watu walikitazama kivuli chake barabarani kwa kijicho mpaka kikapotea.

Baada ya hapo kila mtu alinunua mwavuli.

Mwavuli hauponyi. Ila kivuli cha mwavuli ni duara tu, na chini ya duara hakuna ajuaye kuna nini. Duka la karibu zaidi ni la Bi Zohrabai, Chake Chake, mwanamke mtu mzima anayekaa nyuma ya meza ya kioo na kuuza kila kitu kuanzia sindano. Mwanamize alikwenda mwenyewe kununua wa pili, kwa kuwa ule wa Hamood ulikuwa na tundu.

"Nyinyi Kwampera mnanyeshewa peke yenu?" Bi Zohrabai akamuuliza.

"Jua, Bi Zohra. Jua limezidi."

"Haya." Bi Zohrabai akamteremshia mmoja mweusi, mpana, wa mpini wa mbao. "Chukua huu. Unaingia watu wawili."

Hamood akawa hatoki bila ya ule mwavuli. Lakini nyumbani mtu hawezi kukaa na mwavuli, na jua la alasiri huingia uani litake lisitake. Siku moja alikuwa ameinama akifua nazi, na Mwanamize akaona mbawa za kivuli zimelegea, ncha zake zinagusa ardhi. Alijua kilichobaki ni kukaa, na baada ya kukaa ni shingo.

"Baba Sameer, nenda kisimani ukaseme."

"Halafu?" Hamood akasema. Hakuacha kufua. "Jaluba letu ndilo la mwisho chini. Maji yetu yapita kwa kila mtu ndipo yatufikie. Mwanawema alizibiwa na mmoja. Siye tutazibiwa na kijiji."

"Na usiposema?"

Hamood aliifua nazi mpaka ikaisha. Babu yake ndiye aliyekuwa mwenye bonde lile lote zamani, na yeye aliyebakiwa na jaluba moja la mkiani hakuwahi kulalamika. Alikuwa mtu wa kufuata wenziwe, kwa sababu familia yake ilishawahi kutangulia na haikuwafaa.

"Mkutano wa korongo unakuja," akasema. "Yule bwana wa mjini atauliza korongo wako wapi. Atakuuliza weye, ndiye mlinzi. Useme kuna sumu. Usimtaje mtu. Useme sumu tu, mbele ya serikali, na mie n'tasimama palepale. Nikisimama mie, na mwengine atasimama. Hawawezi kuziba maji ya watu wote."

"Wallahi utasimama?"

"Wallahi. Ila anza weye. Peke yangu siwezi kuanza."

Walikubaliana hivyo. Mwanamize aliitoa fulana sandukuni, akaifua, akaianika ndani.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa skuli, chini ya turubai. Bwana wa mjini aliitwa Jaribu, kijana mnyofu mwenye miwani, aliyeshuka garini na kivuli chake cha kawaida, kirefu kidogo kuliko yeye. Turubai halikuwatosha watu wote. Waliobaki nje walisimama jua kali chini ya miavuli, myeusi, ya maua, na mmoja wa mtoto wenye masikio ya paka.

"Naona mmejiandaa," Bwana Jaribu akasema. "Mnatarajia mvua?"

"Siye watu wa kujihadhari, bwana," Mzee Silima akajibu.

Watu wakacheka kwa adabu. Dua ikasomwa. Bwana Jaribu akaeleza kwa kirefu faida ya korongo, namna wanavyokula konokono na wadudu, na namna watu wa Kwampera wanavyosifiwa huko mjini kwa kuishi nao kwa wema. Alisema amepita chini ya misufi yote na hakuona hata manyoya. Akavua miwani, akaifuta.

"Kwa hiyo nauliza tu, ndugu zangu. Korongo wako wapi?"

Mtoto mmoja alitaka kusema, mama yake akamziba kinywa kwa ncha ya kanga. Bwana Jaribu akamgeukia Mwanamize.

"Bi Mwanamize. Wewe ndiye mlinzi wetu. Unasemaje?"

Mwanamize alisimama. Hamood alikuwa upande wa pili, ukingoni mwa turubai, na alikuwa ameshaufunga mwavuli wake na kuuegemeza kwenye paja. Viganja vyake viwili vilikuwa juu ya magoti, kama mtu anayetaka kunyanyuka. Alikuwa akimtazama yeye tu. Mwanamize alifungua kinywa, na neno lilikuwepo, fupi, lenye silabi mbili tu. Akaona nyuso. Zilikuwa nyuso za watu waliomzalisha, waliomchangia harusi ya mwanawe, waliomzikia mama yake. Hakuna hata mmoja aliyekunja uso. Walimtazama kwa upole mkubwa, na kila mmoja aliushika mpini wa mwavuli wake barabara. Akaiona nafasi aliyozoea kukaa Mwanawema, imeachwa wazi, watu wamejibana huku na huku wasiikalie. Akaona mpunga wake wenyewe umekauka ungali umesimama.

"Korongo wamehama," akasema.

Kisha watu wakaanza kuitikia, kwanza mmoja, halafu wengi. Ndiyo, wamehama. Wamehama, bwana. Mabadiliko ya tabia nchi. Bwana wa ghala akasema yeye mwenyewe aliwaona wakiondoka, wakielekea kusini. Hamood, aliyekuwa ameshainuka nusu, alibaki vile vile kwa muda, kisha akakaa.

Bwana Jaribu alimtazama Mwanamize. Hakuwa mjinga. Alikuwa ameliona shamba la muhogo ukingoni mwa bonde, lililostawi kuliko mihogo yote ya Pujini, na manyoya meusi mawili kwenye udongo wake. Lakini safari ilikuwa ndefu, na nyumbani kwake walikuwa wakimsubiri, na watu wote wamesema neno moja.

"Wamehama," akasema, akaandika.

Mkutano ukafungwa kwa dua. Bwana Jaribu alipotoka turubaini kwenda garini, kivuli kilichomfuata kilikuwa chembamba, kinakanyaga kwa hadhari, kinainua goti kwa nyuma. Mzee Silima akamfuata mbio, akampa mwavuli.

"Chukua, bwana. Jua la huku baya."

Bwana Jaribu akaupokea bila ya kutazama chini.

Mwanamize na Hamood walirudi kwa njia ya bondeni. Mwanamize alitembea mbele, jua liko nyuma yao. Hatua chache tu walizokwenda, Hamood akaharakisha, akaufungua ule mwavuli mpana na kumfunika nao. Hakusema kwa nini. Mwanamize hakuuliza, wala hakutazama chini.

"Ningesimama," Hamood akasema walipofika karibu na nyumbani.

"Najua."

"Sikulaumu, Mama Sameer."

Ingekuwa bora angemlaumu. Mwanamize aliufikicha uso wake kwa kanga na wakaingia ndani. Kabla ya mwezi kuandama, kivuli cha Hamood kilikaa chini uani, juu ya vifundo vya miguu, na Hamood akakaa kitandani.

Kifo cha wengi harusi. Masika yalipoingia, hapakuwa na mtu Kwampera aliyebaki na kivuli chake cha zamani, ukiwatoa watoto wachanga, na kazi ya bondeni haifanyiki na mwavuli mkononi. Watu wakaanza kuiacha miavuli nyumbani, kwanza kwa kujiiba, baadaye waziwazi. Ilikuwa aibu siku mbili tatu, kisha ikawa si kitu. Wanawake walipalilia huku vivuli vyao vikitembea majini mbele yao, vinainua miguu, vinachokoa matope kwa midomo isiyofumba. Aliyeona kivuli chake kimeshusha mbawa aliharakisha kumaliza kupalilia. Masuke yalipotoka, pipa likarudishwa nyuma ya ghala na kila nyumba ikachukua bakuli lake. Bakuli la nyumba ya Hamood lilichukuliwa na Mwanamize, kwa kuwa mumewe hawezi kutembea, na sawa kwa sawa ni sawa kwa sawa. Maji yao hayakuzibwa hata siku moja.

Bwana Jaribu alikuja wakati huo. Hakushuka bondeni. Alisimama juu barabarani, chini ya ule mwavuli wa Mzee Silima, jua la asubuhi likiwa chini na majaluba yamejaa maji. Alitazama. Kote bondeni, katikati ya mpunga, walitembea korongo weusi juu ya maji, kila mmoja miguuni mwa mtu, wakubwa kwa wadogo, wengine wamekaa chini.

"Wamerudi," akasema.

"Wamerudi, bwana," Mzee Silima akaitikia.

Mwanamize aliitwa kutoka bondeni, miguu ina matope. Bwana Jaribu alimshukuru kwa kazi yake ya ulinzi, akampa kofia mpya na fulana mpya. Alimpa kwa mkono wa kulia. Macho yake yalikuwa mekundu, kama mtu asiyelala. Mwanamize alisema ahsante, akazikunja akazitia kwapani.

Alasiri alikwenda nyumbani kumlisha mumewe. Hamood alikuwa amelala ubavu, shingo imepinda nyuma, macho yanatazama ukuta wa juu ya kichwa chake. Akasikia nyayo mlangoni.

"Nasikia watu wakisema barabarani," akasema taratibu. "Ati wamerudi?"

"Wamerudi."

"Alhamdulillahi," akasema Hamood.

Jua lilikuwa nyuma ya Mwanamize, na kivuli chake kilimtangulia kuingia. Kilipita sakafuni kwa miguu yake mirefu, kikapanda kitandani, kikasimama kando ya Hamood, shingo imeinama kama kinamsikiliza anavyopumua. Kikakaa hivyo kidogo. Kisha kikashusha mbawa.

Mwanamize alikitazama. Akaurudishia mlango jua lisiingie, akaenda jikoni kuchuja uji.